Nani anatibiwa, nani analipa: haki ya matibabu ya mwanamke mgeni Zanzibar

Tangu Oktoba 2024, raia wa kigeni anayekuja Zanzibar kutembea anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, Dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 2023, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza kazi kwa kuwaingiza watumishi wa umma. Mwaka huo huo Bara nako ikapita Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mambo matatu tofauti, ya watu watatu tofauti, yamefuatana kwa karibu, na yalipofika mitaani yakawa jambo moja. Leo ukipanda gari ya Nungwi au ukikaa barazani Jang'ombe utayasikia: asiye na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi (ZanID) hatibiwi, mtu wa Bara siku hizi analipa dola, mgeni akijifungua hapa anaitiwa Uhamiaji.

Maneno haya hufika haraka kuliko tangazo lolote la Wizara ya Afya, na wanaoyashika zaidi ni wale wasio na wa kumuuliza. Binti wa Lushoto anayelea watoto wa watu mjini. Mfuaji mashuka wa hoteli ya Paje. Msusi wa Kenya aliyekodi chumba Mwanakwerekwe. Mrundi anayepika na kuuza chakula jirani na majengo yanayojengwa Fumba. Mwanamke kama huyu akipata mimba, akitokwa na damu au akipigwa, hajiulizi kwanza hospitali gani iko karibu. Anajiuliza kama ataruhusiwa kuingia. Nataka kumjibu yeye, na kumjibu pia mwenyeji anayemwajiri, anayempangisha na anayekaa naye benchi moja kituo cha afya.

Mgeni tunayemzungumza

Mhamiaji ni mtu aliyeondoka alikokuwa akiishi akaenda kuishi pengine, kwa kazi, ndoa, masomo au kwa kukimbia shida. Kuna wa ndani, yaani raia wa Tanzania aliyetoka Bara, na kuna wa nje, raia wa nchi nyingine, awe na kibali au hana. Kwetu wote wawili tunawaita wageni, na kwa mazungumzo ya barazani haina tatizo. Tatizo huanza pale mwenye kaunta anapowaweka wote kwenye fungu moja.

Kwa mujibu wa sensa, Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012, na mwaka 2022 tukawa 1,889,773. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka. Sehemu ya ongezeko ni watoto wetu wenyewe, na sehemu ni watu waliovuka bahari kufuata kazi za hoteli, ujenzi, biashara na za majumbani. Wengi wao ni wanawake wa umri wa kuzaa, kwa hiyo haja yao ya kwanza ya hospitali mara nyingi ni ya uzazi.

Hapa lazima niguse Muungano, kwa sababu bila huo huelewi kitu. Orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo kwenye Katiba ya mwaka 1977 ina uraia na uhamiaji. Afya haimo. Ndiyo maana ofisa wa Uhamiaji pale Malindi ni wa Serikali ya Muungano, na muuguzi wa Makunduchi ni wa Wizara ya Afya ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Binti wa Lushoto yumo ndani ya nchi yake. Sheria za uhamiaji hazimhusu. Lakini mfumo wa afya aliouzoea Tanga, na zahanati zake na bima zake, umebaki ng'ambo. Ni raia kamili, na papo hapo ni mgeni wa mfumo. Watu wengi hawajui kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja, na hata baadhi ya wanaotoa huduma hujikanganya.

Maswali manne, milango minne

Mwanamke akifika kituoni, kuna maswali manne yanayomzunguka. Je, ni raia wa wapi? Hilo ni la Uhamiaji. Anaishi wapi? Hilo ni la sheha, msimamizi wa mtaa (shehia), na la Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Nani atalipia? Hilo ni la mfuko wa bima, mwajiri au mkoba wake mwenyewe. La nne: anaumwa nini? Hilo peke yake ndilo la daktari na muuguzi.

Ni kama pale bandarini, ambapo anayekata tiketi, anayekagua kitambulisho na anayepima mzigo ni watu mbalimbali, kila mmoja na kazi yake. Mzigo ukizidi kilo utalipia ziada, lakini hunyang'anywi tiketi. Hospitalini mara nyingi tunafanya kinyume chake: jibu la swali la tatu linatumika kufunga mlango wa la nne. Mwanamke anaambiwa "huna kadi" naye anasikia "hutibiwi". Pengine aliyesema hakukusudia hivyo. Alikuwa anaeleza utaratibu wa malipo tu, lakini mgonjwa ameshageuka, ameshatoka getini.

ZanID ni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Kinaonyesha mtu ni nani na anakaa wapi, na kinarahisisha mambo mengi ya ofisi. Si cheti cha kustahiki kuonwa na daktari. Asiyekuwa nacho aje na alichonacho: kitambulisho cha Taifa, cha mpiga kura, pasipoti, barua ya sheha, kadi ya kliniki ya kule alikotoka. Kama hana hata kimoja na damu inamtoka, taaluma ya utabibu haina utata hapo: dharura hutibiwa kwanza, makaratasi hufuata.

Kuhusu fedha. Bima ya Dola 44 ni ya raia wa kigeni wanaokuja kutembea. Mtanzania kutoka Bara haimhusu hata kidogo, na anayemdai anamwonea. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2023, unawalipia wanachama wake. Ulianza na watumishi wa Serikali kwa mpango wa kuyaingiza makundi mengine kwa awamu, wakiwemo wa sekta binafsi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya Tanzania Bara. Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) aliyokuja nayo mtu kutoka Bara hutumika kwenye vituo vyenye mkataba na mfuko huo, kwa hiyo inafaa kuuliza kabla ya kuugua, si ukiwa juu ya machela. Kuanza kwa mfuko mpya hakukumfutia huduma yule ambaye bado hajaingizwa. Huduma za mama mjamzito na chanjo za watoto katika vituo vya Serikali zimewekwa kuwa za bure kwa sababu zinaokoa watu wengi kwa gharama ndogo, na surua haijali mama wa mtoto amezaliwa Micheweni au Kigoma.

Je, sheria kubwa zinasemaje? Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, ambao ibara yake ya 12 inataka mwanamke apate huduma za ujauzito, kujifungua na baada ya kujifungua, bure pale inapobidi. Mwaka 2007 ikaridhia Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, na ibara ya 14 ya itifaki hiyo ni ya afya ya uzazi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, ambao nao Tanzania imo, ilifafanua mwaka 2000 kwamba nchi haitakiwi kumzuia mtu yeyote kupata huduma za afya kwa usawa, wakiwemo waomba hifadhi na wahamiaji wasio na vibali. Mkataba haujazi kabati la dawa, hilo nalijua. Lakini anayesema "sheria imekataza" aulizwe ni sheria gani.

Saa moja ya kliniki ina nini ndani yake

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu wanawake wengi wageni huona kliniki ya wajawazito ni mahali pa kuandikishwa tu ili siku ya uchungu wasifukuzwe. Wakishapata kadi, wameridhika. Wanayoyakosa ni mengi.

Hudhurio la kwanza lifanyike kabla mimba haijatimiza wiki 12. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8. Mama anapanda mzani. Anafungwa ule mkanda wa mkononi, unajaa pumzi, unabana, muuguzi anasoma shinikizo la damu. Anatoa mkojo kidogo. Shinikizo likiwa juu na mkojo una protini, hizo ni dalili za hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ambacho ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wazazi. Huyu mama anaweza kuwa hajisikii chochote zaidi ya kichwa kumuuma na miguu kuvimba, na kichwa kinamuuma kila siku kwa sababu anafua tangu alfajiri. Bila mkanda ule hakuna atakayejua.

Anachomwa kidole. Tone lile linaeleza kama ana upungufu wa damu, na mwenye damu chache anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hana akiba ya kumvusha. Linaeleza kama ana kaswende, ugonjwa unaoua mtoto tumboni lakini unaotibika kwa sindano ya penisilini. Linaeleza kama ana virusi vya UKIMWI, na akianza dawa mapema na kuzifuata, mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa na kukua salama. Mimba ikishakuwa kubwa kidogo, muuguzi ataweka utepe tumboni, kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, apime kama mtoto anakua. Mama atapewa vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda.

Kuna tofauti moja inayowatia hofu wanaotoka Bara. Kule mjamzito humezeshwa dawa ya SP kwa vipindi ili kumkinga na malaria. Akija huku hapewi, anaona amebaguliwa. Hakubaguliwa. Zanzibar iliacha utaratibu huo kwa sababu malaria imepungua sana, na mjamzito wa hapa anapimwa badala ya kumezeshwa. Muuguzi akitumia nusu dakika kulieleza hili, anaokoa mahudhurio yote yatakayofuata.

Kadi ya kliniki ya Bara isitupwe. Ni maandishi ya kitabibu. Muuguzi wa Kivunge au wa Wete ataisoma na kuendelea pale mwenzake wa Muheza alipoishia. Na anayepanga kurudi kwao kujifungua, kama wengi wanavyopenda ili wawe karibu na mama zao, asafiri mapema na kadi mkononi. Kungoja hadi mwezi wa tisa ndipo upande boti ya Dar es Salaam au Tanga ni kujiweka katikati ya bahari pasipo na mkunga.

Kuhusu mume. Kliniki huhimiza mwenza aje ili wapimwe na kushauriwa pamoja. Kuhimiza si sharti. Asiye na mume, aliyeachwa, ambaye mwenziwe yuko Mwanza au hataki kusikia habari hiyo, anahudumiwa yeye kama yeye. Hata ikifika upasuaji, mtu mzima mwenye akili zake timamu anaridhia mwenyewe. Kumsubirisha mzazi mpaka apatikane shemeji wa kutia saini ni kucheza na roho mbili.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya wazazi kwa njia ambayo hadi leo wakunga wanaitumia: kuna kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa mwanamke mgeni, kila kuchelewa kuna nyongeza yake.

Kuamua. Mfanyakazi wa ndani haamui peke yake; anamuomba ruhusa bosi. Wapo waajiri waungwana wanaompeleka wenyewe hadi kituoni. Wapo wanaosema "subiri Jumapili", na wapo wanaokaa na kitambulisho cha msichana kabatini eti asitoroke. Hili la mwisho tulitazame kwa jina lake: Shirika la Kazi Duniani linahesabu kushikilia nyaraka za mfanyakazi kuwa moja ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Na mwenye mimba akijua kwamba habari ikitoka kazi imekwisha, ataificha kwa kujifunga khanga hadi mwezi wa sita. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 90. Msichana asiye na mkataba wala hati ya mshahara hajui hata kwamba sheria hiyo ipo.

Kufika. Kendwa au Michamvi, saa nane za usiku, uchungu umekaza. Zanzibar ina mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama: simu inapigwa, madereva wa jamii walioandikishwa wanaitwa, mzazi anapelekwa na dereva analipwa na mfumo. Ni jambo zuri kabisa. Lakini dereva ataulizia shehia gani, nyumba ya nani. Mgeni anajua amepanga "nyuma ya hoteli, uani kwa yule mzee". Kwa hiyo jina la shehia, jina la mwenye nyumba na jina la sheha ni vitu vya kujifunza wiki ya kwanza ya kuhamia. Mwenye nyumba anayemwandikia mpangaji wake maneno hayo matatu kwenye karatasi amefanya kazi ya afya bila kuvaa koti jeupe.

Kuhudumiwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hospitali zetu zinategemea jamaa kwa mambo yasiyoandikwa popote. Nani atakwenda dukani kununua kilichopungua? Nani ataleta uji asubuhi, khanga safi, maji ya moto? Damu ikihitajika, nani atakuja kutoa ili akiba irudishiwe? Mzanzibari akilazwa Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee, mlangoni kunajaa mashangazi. Mgeni yupo na simu yenye chaji kidogo. Wala hakuna aliyemtenga. Utaratibu mzima umepangwa kwa mtu mwenye ukoo, na yeye ukoo wake uko Singida. Wodi yenye hata mtu mmoja wa kujitolea, anayepita kuuliza nani hana mwangalizi, ingeziba pengo kubwa kwa gharama ndogo. Na sisi tunaochangia damu kwa ajili ya ndugu zetu tu, tuchangie pia siku ambayo hakuna ndugu yetu aliyelazwa.

"Wageni wanaleta maradhi"

Kauli hii ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Maambukizi ya malaria Zanzibar yapo chini ya asilimia 1, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaogunduliwa ni watu waliosafiri nje ya visiwa karibuni. Lakini soma vizuri: waliosafiri. Humo wamo wafanyabiashara wetu wanaokwenda Kariakoo, wanafunzi wanaorudi likizo na walioitwa harusini Tanga. Mbu hajui kabila.

Cha muhimu zaidi ni namna Zanzibar inavyopambana na ugonjwa huo. Mgonjwa mmoja akithibitishwa kituoni, taarifa hupelekwa kwa simu kwa maofisa wa wilaya, nao hufuata hadi nyumbani kwake kuwapima wanaoishi naye. Mfumo wote unaanza na mgonjwa mmoja kukubali kuingia kituoni. Sasa mchukue mwanamke mwenye homa ambaye ameambiwa akienda ataitiwa Uhamiaji. Atameza vidonge vya dukani alale. Hatapimwa, nyumba yake haitafuatwa, na mbu wa mtaa huo wataendelea na kazi yao kwake na kwetu. Wazee waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, katika malaria ni hesabu halisi: afya ya huyu ndiyo kinga ya yule.

Kwa hilo la Uhamiaji, kituo cha afya hakina dawati lake, na kukagua vibali si kazi ya mkunga. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya kiapo cha taaluma. Mhudumu anayemtishia mgonjwa kwa kumwita ofisa anakwenda kinyume na kazi yake, na anastahili kuripotiwa kwa wakubwa wake.

Aliyepigwa, aliyebakwa

Mwanamke asiye na jamaa karibu ni rahisi kudhuriwa, na aliyemdhuru huwa amelijua hilo kabla. Hapa saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, nazo pia heri mapema. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo cha kwanza kilianza Mnazi Mmoja mwaka 2011 na Pemba vipo pia, vikiwemo vya Chake Chake na Wete, vinakusanya daktari, polisi na mshauri nasaha mahali pamoja, ili mtu asieleze mkasa wake mara nne kwa watu wanne. Asiyekuwa na kibali cha kuishi anaogopa neno polisi. Na aende, aanze na daktari, aseme hivyo hivyo kwamba anaogopa. Asioge kabla ya kupimwa ikiwezekana, na nguo alizovaa azihifadhi kwenye mfuko wa karatasi au khanga, si nailoni.

Wa kuanza nao

Sheha. Yeye ndiye anayejua nani kahamia, na kumfuata kujitambulisha kunampa mgeni anuani, barua na mtu wa kumtaja. Wapo wanaomkwepa kwa kudhani yeye na Uhamiaji ni kitu kimoja. Sheha mwerevu huiondoa hofu hiyo kwa kutembea mwenyewe kwenye nyumba za kupanga.

Baada yake ni wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba na simu zao, wakiwaandikisha wajawazito na watoto na kuwakumbusha hudhurio. Mpango huu umeenea visiwani na naujivunia. Udhaifu wake ni kwamba unafuata nyumba zinazojulikana. Chumba cha uani chenye wapangaji wanaobadilika kila miezi mitatu, mabweni ya wafanyakazi nyuma ya hoteli, banda la wachumaji karafuu Pemba msimu ukiwadia, hayo hupitwa. Muulizeni mhudumu wa shehia yenu kama vyumba hivyo vimo kwenye orodha yake. Hoteli nazo zikiruhusu mhudumu aingie mabwenini mara moja kwa mwezi, wakati wa zamu ya mchana, hazipotezi kitanda hata kimoja.

Akikataliwa mapokezi, mwanamke asiondoke. Aombe kuonana na muuguzi wa zamu au msimamizi wa kituo, aeleze dalili zake kabla ya kueleza karatasi zake: natokwa na damu, kichwa kinaniuma na naona kiwi, maji yametoka, mtoto hachezi tangu jana, nina homa. Hizo ni dalili za hatari na mhudumu yeyote aliyesomea anazitambua. Malipo yazungumzwe baadaye, na risiti idaiwe kwa kila shilingi.

Akishajifungua salama, asitoke bila karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto na kadi ya chanjo. Usajili wa kizazi hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kupitia ofisi zake za wilaya. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha mtoto amezaliwa lini, wapi na na nani. Hakimfanyi Mzanzibari wala hakimpi uraia, mambo hayo yana sheria zake, kwa hiyo hakuna cha kuhofia kwa mwenyeji wala cha kuficha kwa mgeni. Mtoto huyo atakitaka cheti hicho siku ya kuandikishwa skuli, iwe Bububu, iwe Lushoto.